Rupia Mbili, Kovu Moja

Mzee Mwandu hakusalimia. Mtu mzima aliyepanda basi la alfajiri kutoka Majimoto, akapita katikati ya hifadhi na mbung'o wake, akashuka Mpanda na vumbi mpaka kwenye kope, halafu akafika mezani kwa watu asiulize hata wameamkaje, huyo hakuja kununua. Skolastika aliliona hilo kabla ya mumewe Kalisti. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta senti za kale zenye tundu kwa kitambaa chenye mafuta, na mkono wake ukasimama wenyewe.

Mzee alitoa mfuko wa nailoni ndani ya koti. Ndani ya nailoni kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa rupia mbili. Aliziweka juu ya kitambaa chekundu cha meza, moja kando ya nyingine, akazisukuma kwa dole gumba mpaka zikagusana.

"Tazama," alisema.

"Shikamoo mzee wangu," Kalisti alisema, na tabasamu lake la biashara lilikuwa limeshafika. "Karibu, karibu sana."

"Tazama kwanza. Shikamoo utanipa baadaye, kama bado itakuwa na maana."

Kalisti akatazama. Hakuhitaji kutazama, na mkewe naye hakuhitaji, lakini wote wawili walitazama. Zilikuwa rupia za Mjerumani, na kila moja ilikuwa na yule mfalme mwenye kofia ya tai na masharubu yaliyosimama kama pembe. Chini ya sikio la mfalme wa kwanza palikuwa na kovu jembamba, kama mtu aliyekwaruzwa na kucha, limeanzia sikioni likapinda kuelekea kwenye ukosi. Chini ya sikio la mfalme wa pili palikuwa na kovu hilohilo.

"Jumapili tulikuwa Mamba kwa wakwe," Mzee Mwandu alisema. Hakupaza sauti, lakini vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha pikipiki kivulini waliacha stori zao. "Mwanangu Kashinje anamuoa binti yao Happiness. Bibi wa yule binti ana sharti lake. Rupia ya mababu wa kiumeni na rupia ya mababu wa kikeni zilale katika bakuli moja la maziwa, ndipo watoto wabarikiwe waende kanisani. Mimi nikatoa hii niliyonunua kwako. Mama wa binti naye akatoa ya kwao. Bibi haoni, macho yamemwisha, akazipapasa kwa kidole. Akanyamaza. Akazipapasa tena. Unajua alisema nini mbele ya watu themanini?"

Mzee aliweka kidole juu ya yale makovu mawili.

"Alisema, 'Babu wa Wasukuma na babu yetu sisi walichanjwa kwa wembe mmoja?'"

Kijana mmoja wa bodaboda alicheka. Mzee Mwandu aligeuka akamtazama, na kijana akajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake.

"Mzee wangu," Kalisti alisema, "unajua mashine ya Mjerumani ilikuwa moja. Ikiwa na kasoro, basi pesa zote—"

Skolastika aliinamisha uso. Maneno hayo aliyajua. Miezi mitatu nyuma, siku alipokuwa akifuta zile rupia kumi na mbili ambazo Kalisti alikuwa amenunua kutoka kwa kijana mmoja wa Dar aitwaye Rafaeli, yeye ndiye aliyeliona kovu mara mbili, halafu mara tatu, halafu akaacha kuhesabu. Alipomuuliza mumewe, alijibiwa hivyohivyo: mashine ilikuwa moja, mama. Jibu lilikuwa jepesi na bati za nyumba yao ya Ilembo zilikuwa hazijakamilika. Akalimeza. Toka siku ile, bila kuambiwa na mtu, alipopanga meza asubuhi aliweka rupia moja ukingo huu na nyingine ukingo ule, na nyingine akaziacha kwenye kopo. Hakuziweka mbili pamoja hata siku moja.

Na mama wa binti, yule Dorotea wa Mamba, hakuuziwa na Kalisti. Aliuziwa na yeye, Skolastika, kwa mdomo wake mwenyewe, siku ambayo Kalisti alikuwa ameenda Karema.

* * *

Kalisti alikuwa na rupia moja asiyoiuza kwa bei yoyote. Aliiita Shahidi. Mteja akisita, Kalisti aliokota Shahidi akamdondosha juu ya jiwe lililokuwa pembeni ya meza, na Shahidi alilia, tiiing, mlio mrefu mwembamba kama kengele ya kanisa inayosikika kutoka kijiji cha pili. "Umesikia fedha hiyo?" Kalisti angesema. "Basi na hii yako ni hiyohiyo, ndugu mmoja." Hiyo yako alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye karatasi. Mlio alioulipia mteja ulikuwa wa Shahidi.

"Gonga hizi," Mzee Mwandu alisema.

"Sokoni kuna kelele, mzee."

"Gonga."

Kalisti aligonga moja. Ilitoa sauti ya kifuniko cha soda.

"Mzee, tusemezane kibiashara," Kalisti alisema akikaa sawa. "Vitu vya kale si sabuni, havina kiwanda cha kurudishia. Macho ni ya mnunuzi. Ulikuja, ukaishika, ukaigeuza, ukaridhika, ukalipa. Mimi sikukushikia panga. Hata mimi niliuziwa. Lakini kwa kuwa wewe ni mzee wangu, nakupa elfu thelathini, tuagane kwa amani."

"Nilikupa elfu tisini."

"Ndiyo, lakini umeshaitumia. Imeshakwenda kwenye sherehe."

Sasa vijana wa bodaboda walicheka wote, na safari hii mzee hakugeuka. Alisimama vilevile, koti lake la sherehe limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile. Skolastika aliona kwamba hakuna aliyempa hata kigoda. Alinyanyuka, akaipangusa ile ndoo, akamsogezea. Mzee hakukaa.

"Mnadani kwetu," alisema, "ukiuza ng'ombe anayepiga teke, unasema huyu anapiga teke. Mnunuzi akitaka atamchukua, asipotaka atamwacha. Ukijua ukanyamaza, na ng'ombe akamvunja mtu mguu, hawasemi ng'ombe ndiye mbaya."

Baraza ambapo meza ilikuwa imewekwa halikuwa la Kalisti. Lilikuwa la Evarist, mnunuzi wa dhahabu, ambaye wachimbaji wadogo walimletea vipande vyao, naye akavipima kwenye mizani ndogo ya umeme iliyokuwa ndani ya kisanduku cha kioo. Kutoka meza ya Kalisti mpaka mizani ya Evarist zilikuwa hatua kumi. Evarist alikuwa ameegemea mlango wake muda wote huo, amekunja mikono.

"Lete hapa mzee," alisema. "Nikupimie bure."

Wakaingia. Skolastika aliwafuata mpaka mlangoni. Ya kwanza ilisoma gramu tisa na pointi mbili. Ya pili ilisoma gramu tisa na pointi mbili.

"Shahidi naye," Mzee Mwandu alisema.

Kalisti alisita, lakini macho ya watu yalikuwa mengi. Akaileta. Gramu kumi na moja na pointi sita.

"Kaka Kalisti," Evarist alisema, na hakuwa anacheka, "mwaka wa pili huu uko barazani kwangu. Chumvi nakuazima, chaji ya simu nakupa. Mizani hii hujawahi kuniomba hata siku moja. Ulikuwa unaogopa itakwambia nini?"

Mzee Mwandu hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinyanyua Shahidi kutoka kwenye mizani, anaizungusha pembeni kwa ukucha, anatafuta kitu. Akakipata. Karibu na ukingo palikuwa na kibonyeo kidogo, na mzee aliweka jino lake juu ya kile kibonyeo, polepole, kama mtoto anayejaribu kiatu.

"Baba yangu aliing'ata," alisema. "Alikuwa akituonyesha namna ya kupima fedha, akaing'ata kwa nguvu mno, tukacheka wiki nzima. Hii nilikuuzia wewe, Kalisti. Mwaka ule mtoto wangu wa mwisho alipolazwa hapa. Ulinipa elfu arobaini."

"Nilikulipa, mzee. Hatukugombana."

"Hatukugombana. Nilikuwa na shida, ukanisaidia, nikashukuru." Akairudisha Shahidi juu ya mizani kwa uangalifu, kana kwamba ni yai. "Nilipoambiwa sharti la bibi, nikaona aibu kusema niliuza rupia ya baba. Nikaja kwako kununua ya kuziba pengo. Ukaigonga hii ya baba yangu juu ya jiwe, mimi nikaisikia, moyo ukatulia. Ukanifungia bati."

Hakuna aliyecheka.

"Pesa yako sitaki," mzee alisema. "Watu wangu wanasema wakwe walijua, wakatuletea bandia kutudharau kwa kuwa sisi ni wafugaji wa kuja. Watu wao wanasema Wasukuma ndio tuliokuja na bandia. Kila upande unadhani upande wa pili ulijua. Bibi amesema ndoa imesimama mpaka Jumamosi. Asipotokea mtu wa kueleza, kila mtu achukue mtoto wake. Kovu ni moja, kwa hiyo na ya kwao imetoka kwako; ni wewe tu unayeweza kusema kwamba sisi wote tulilipia ya kweli. Njoo Mamba useme. Hicho tu."

"Siwezi kwenda kujichongea jeneza mwenyewe," Kalisti alisema.

Mzee Mwandu alizifunga rupia zake mbili, kitambaa kwanza, halafu nailoni. Mlangoni alimpita Skolastika, akasimama. "Asante kwa ndoo, mama," alisema, akaondoka.

* * *

Jioni ile Ilembo, Kalisti alikuwa anaongea peke yake kabla hata ugali haujaiva.

"Nikisimama mbele ya watu nikasema nimeuza bandia, kesho nani atakuja mezani? Nani? Mwanetu Agape anakula nini? Ada yake nitalipa kwa senti zenye tundu? Na yule Rafaeli hapatikani, simu amezima toka mwezi wa nne. Mimi ndiye nimeibiwa, mke wangu. Mimi!"

Skolastika alisonga ugali. "Ulipouziwa hukujua," alisema. "Ulipouza ulijua."

"Nilijua nini? Nilikuwa na wasiwasi tu. Wasiwasi siyo kujua."

"Mbona hukuvuka hatua kumi?"

Kalisti alisogeza kigoda chake. Halafu akasema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba toka asubuhi. "Na wewe je? Unadhani sikuona unavyozipanga? Hii huku, hii kule. Nilikuona kila siku, Skola. Tusifundishane utakatifu."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nje, jirani alikuwa akiwaita kuku wake waingie. Wapo watu ambao ukiwaonyesha doa la nguo zao watakuonyesha la kwako, wakidhani madoa mawili yanafutana. Skolastika alikaa na maneno yale mpaka ugali ukaanza kushika chini.

"Kweli," alisema mwishowe. "Niliona, nikanyamaza, na Dorotea nilimuuzia mimi. Aliuza gunia zima la mpunga. Akaniomba nimpunguzie, nikampunguzia elfu tano, na nikajisikia mtu mwema mpaka jioni. Kwetu ni Mamba, Baba Agape. Mama yule tulikuwa kwaya moja kabla hujanioa. Aliniamini kwa sababu ya sauti yangu ya pili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakwenda. Na Shahidi namchukua."

Kalisti aligeuka. Bila Shahidi meza ile ilikuwa ubao na kitambaa tu; wote wawili walilijua hilo. "Ukimchukua Shahidi umenifunga duka."

"Duka la nini?" Skolastika aliuliza, na hakuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Walikula, wakalala. Asubuhi, alipofungua kopo la akiba ya bati za nyumba akatoa elfu themanini na tano, alimhesabia mumewe kwa sauti ili isiwe wizi. Alipoitoa Shahidi kwenye soksi iliyokuwa chini ya godoro, Kalisti alikuwa amelala ameelekea ukutani. Pumzi zake hazikuwa za mtu aliyelala.

* * *

Mama yake mzazi alikuwa amekufa, kwa hiyo Mamba hakuwa na mahali pa kufikia kwanza, pa kunawa uso na kujipa moyo. Alishuka kwenye pikipiki akaenda moja kwa moja uani kwa Dorotea. Wanawake watano walikuwa wakipepeta mchele. Nyungo zilisimama zote kwa pamoja.

"Mama Agape," Dorotea alisema. "Umekuja kutuuzia nini leo?"

"Shikamoo dada."

"Mimi siitaki hiyo. Nayo ipime kwanza, isije ikawa nyepesi."

Wanawake waliguna. Skolastika alisimama katikati ya ua na mkoba wake kifuani. Kibanda cha harusi kilikuwa bado kimesimama, makuti yamekauka, na chini yake viti vya kukodi vilikuwa vimelazwa kimoja juu ya kingine, vinasubiri kujua kama ni vya sherehe au vya kurudishwa. Pembeni, binti aliyesukwa nywele mpya alikuwa akiosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Huyo lazima alikuwa Happiness.

"Nimekuja kusema," Skolastika alisema. "Mbele ya bibi. Na naomba Mzee Mwandu aitwe."

Majimoto si mbali. Walimpigia simu, akafika na pikipiki, nyuma yake kijana mrefu, Kashinje, ambaye hakujua pa kuweka mikono yake. Bibi Gaudensia alitolewa nje akakalishwa kwenye mkeka. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochujwa, lakini vidole vyake havikutulia. Vilipapasa mkeka, vikapapasa upindo wa khanga yake, vikapapasa hewa.

"Nani huyu?"

"Mimi Skolastika, bibi. Mke wa Kalisti, muuza pesa za zamani Mpanda."

"Muuzaji mwenyewe yuko wapi?"

"Hajaja."

"Ametuma mwanamke."

"Hajanituma. Nimekuja kwa kosa langu." Akavuta pumzi. Alikuwa ameyapanga maneno toka daraja la Sitalike, akiwatazama viboko bila kuwaona, na sasa maneno yote yalikuwa yametawanyika. Akasema yaliyobaki. "Zile rupia mbili ni za uongo. Zilikuwa kumi na mbili, zote na kovu moja. Mzee Mwandu alilipia ya kweli, akapewa ya uongo. Dada Dorotea alilipia ya kweli, nikampa ya uongo mimi. Wao hawakujua. Sisi tulijua. Mtu asimshike mwenzake hapa. Mtushike sisi."

Akafungua mkoba. Pesa akazishika kwa mikono miwili, akapiga goti, akamnyooshea Dorotea. Dorotea alizitazama kwanza. Halafu akazichukua, akazihesabu mbele ya watu wote, noti moja moja, na alipomaliza hakusema asante.

"Na hii ni ya Mzee Mwandu," Skolastika alisema, akaitoa Shahidi.

"Ilete kwangu kwanza," bibi alisema.

Akaipapasa. Akapitisha kidole chini ya sikio la mfalme, akakuta pako laini. Akaagiza jiwe la kusagia liletwe. Akazigonga zile za uongo alizorudi nazo Mzee Mwandu, moja baada ya nyingine, na zikatoa sauti yao ya kifuniko. Halafu akaidondosha Shahidi, na mlio ukapanda juu ya ua, ukapita makuti, na hata kuku wakanyanyua vichwa.

"Eee," bibi alisema. "Hiyo ndiyo."

Hapo Dorotea, ambaye muda wote alikuwa amesimama kama nguzo, alianza kulia. "Mama, nisamehe," alimwambia bibi, mkwe wake. "Nilifungua kopo lako nikakuta rupia ya baba mkwe haimo. Nikadhani ni marehemu mume wangu aliiuza, yule alivyopenda pombe. Nikaogopa kukuambia ukalala na huzuni. Nikanunua nyingine nikarudisha."

Vidole vya bibi vilisimama.

"Umemsingizia mwanangu bure," alisema. "Rupia ile niliila mimi."

Dorotea alinyanyua uso.

"Mwaka wa njaa, mwanangu akiwa mgongoni. Debe moja la mahindi, tena yana wadudu. Hamkuzaliwa nyie. Uliponiletea Jumapili ukasema hii hapa ya baba, nikajiuliza, hii imefufukaje? Lakini nitasemaje mbele ya wakwe? Sharti nililiweka mwenyewe kwa kiburi. Nilijua kopo ni tupu, nikajiambia nitapata la kusema siku ikifika, nikataka tu Wasukuma waone na sisi tulikuwa watu. Niliposikia lile kovu mara mbili, nikaona njia ya kutokea, nikawarushia wao lawama." Akageuza uso wake kuelekea mahali alipohisi Mzee Mwandu amekaa. "Mkwe wangu, nilikutukana nikiwa mwongo. Nisamehe."

Mzee Mwandu alikohoa. "Hata mimi, mama, nilikuwa nimekuja na babu wa kununua."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, halafu mwingine, na kwa muda kidogo ua ule ulikuwa karibu kuwa na furaha. Skolastika naye alianza kutabasamu. Bibi Gaudensia alimkata.

"Wewe usicheke, binti. Sisi tulidanganyana kwa sababu ya aibu zetu, na hizo tutazimaliza hapa ndani, ni zetu. Nyie mliijua aibu ya watu mkaipangia bei. Mtu anakuja mezani kwako amebeba pengo la nyumba yake, wewe unampa bati. Hayo hayafanani."

"Ndiyo, bibi."

"Umekuja, umesema. Wewe nimekusikia. Mumeo sijamsikia. Yeye tukimgonga, atatoa mlio gani?"

Skolastika aliufunga mkoba wake. Bibi hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaagiza maziwa.

Bakuli lilikuja. Mzee Mwandu alisema rupia ya baba yake haiwezi kulala peke yake, sharti ni mbili. Bibi alisema sharti ni lake na leo amelipunguza. Shahidi aliingia kwenye maziwa akazama bila sauti. Kashinje na Happiness waliinama, na wazee wa pande zote mbili waliweka mikono juu ya vichwa vyao. Skolastika alisimama nyuma, karibu na viti vya kukodi. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Chai hakupewa. Lakini alipochukua mkoba wake, Dorotea alimsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Pikipiki iliposimama, Dorotea alisema, akitazama mashamba ya mpunga, "Kitenge chako kimefunguka nyuma." Akamfunga.

* * *

Alilala kwa binamu yake Majimoto, na Ijumaa saa sita akawa Mpanda. Kutoka mbali aliona watu wamesimama barazani kwa Evarist, akadhani kuna ugomvi. Akakaza mwendo.

Meza ilikuwa mahali pake. Juu ya kitambaa chekundu hapakuwa na senti wala heller, zile sarafu ndogo za Mjerumani. Palikuwa na rupia saba tu, zote zilizobaki, zimepangwa mstari mmoja, bega kwa bega, wafalme saba wenye kofia za tai wakitazama upande mmoja, na chini ya masikio yao makovu saba. Mbele ya rupia hizo kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: SI ZA KWELI. HAZIUZWI. KAMA ULINUNUA KWANGU YENYE KOVU HILI, NJOO.

"Kaka, umefungua duka au umefungua kesi?" kijana wa bodaboda aliuliza.

Kalisti hakumjibu. Alikuwa na simu sikioni, na sauti iliyotoka ndani yake ilisikika mpaka kwa Skolastika. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Inyonga, naye alikuwa akimtukana Kalisti kwa ufasaha wa mtu aliyesoma. Kalisti alisema, "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo. Nitarudisha kwa mafungu. Ndiyo, nimesikia na hilo." Alipokata, alifuta jasho kwa kiganja, na ndipo akamwona mkewe.

"Huyo wa kwanza," alisema. "Bado wawili. Mmoja namba yake sina." Akatazama mkoba wake. "Shahidi?"

"Amerudi kwao."

Kalisti akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea taarifa ya msiba aliokuwa ameshaujua. "Walisemaje?"

"Bibi amesema mimi amenisikia. Wewe bado."

Alimtajia namba ya Dorotea. Kalisti aliitazama simu. Skolastika, kwa mara ya kwanza toka Jumatano, akamhurumia, maana mwanaume yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeogopa hatua kumi. Kalisti akabonyeza, akaomba apewe bibi.

"Shikamoo bibi," alisema. "Ni Kalisti. Muuzaji."

Sauti ndogo, kavu, ilitoka kwenye simu. "Kalisti, hapa tuko wengi, tunapika ya kesho. Nitaweka simu juu ya kinu wote wasikie. Na huko uliko, uko na watu?"

"Niko sokoni, bibi."

"Basi simama. Sema kwa sauti."

Kalisti alisimama. Evarist alitoka mlangoni kwake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akitafuta neno la kuchekesha aliliacha.

"Rupia nilizowauzia zilikuwa za uongo," Kalisti alisema, na sauti yake ilikwaruza mwanzoni, halafu ikafunguka, ikapita mabanda ya mitumba, ikafika kwa wauza dagaa. "Mzee Mwandu hakujua. Mama Dorotea hakujua. Nilijua mimi. Niliona kovu nikazitenganisha. Mizani ilikuwa hapa, sikuitumia. Kosa ni langu."

Kalisti alisubiri amesimama, simu mbele ya mdomo, na soko lilisubiri naye.

"Haya," bibi alisema. "Tumekusikia." Halafu, kwa mbali kidogo, akimgeukia mtu, "Endeleeni na mchele."

Simu ikakatika. Watu walianza kutawanyika, mmoja mmoja, bila kutazamana. Alibaki mama mmoja wa makamo, mgeni, aliyekuwa amesimama nyuma na kitambaa kilichofungwa fundo. Alisogea mezani kwa wasiwasi, akalifungua fundo, akatoa sarafu moja nyeusi iliyoliwa na udongo.

"Tumeiokota shambani," alisema. "Utainunua? Ni ya kweli hii?"

Kalisti aliipokea. Zamani angeshataja bei. Aliigeuza mara moja, akaizungusha mara ya pili, akamrudishia mama mkononi mwake.

"Sijui," alisema. "Ishike mwenyewe. Twende wote tukaone."

Akatoka nyuma ya meza, akatangulia kuelekea kwenye mizani ya Evarist. Skolastika alikaa juu ya ndoo, na bila kukusudia akajikuta anamhesabia mumewe hatua.